Gari lipo Kibosho, mwenye gari yupo Leicester

Kama kadi ya gari imeandikwa jina lako, mwenye gari ni wewe, hata kama mara ya mwisho kushika usukani wake ilikuwa Krismasi ya mwaka juzi. Trafiki wa Boma Ng'ombe hajui kama uko Leicester au Dubai. TRA hawajui, na kampuni ya bima nayo haijui. Wote wanasoma kadi. Mimi nakata bima hapa Moshi mjini, na kila mwisho wa mwaka naona ndugu zetu wa ng'ambo wakimaliza likizo yao kwenye foleni za ofisi kwa mambo ambayo yangemalizwa kwa simu tangu Oktoba. Ndiyo maana naandika mapema.

Kwa msomaji asiyetoka huku: Desemba Wachaga tunarudi nyumbani. Wanatoka Dar, Mwanza, Nairobi, Ulaya, Marekani, wote wanapanda mlimani. Wengi wa ng'ambo walishachoka kukodi, wakanunua magari yao na kuyaacha kwa wazazi. Pita Machame, Marangu au Rombo mwezi wa tano uone: gari limefunikwa turubai chini ya mparachichi, kuku wanalala juu ya boneti, linamsubiri mwenyewe. RAV4 ya kaka yangu ni mojawapo. Ipo kwa mama, Kibosho, na ufunguo ninao mimi. Kaka ni nesi Leicester, Uingereza.

Lakini gari halilali mwaka mzima. Mama akiugua usiku, kijana wa jirani anamkimbiza hospitali ya KCMC. Binamu ana harusi Arusha, analiomba. Mimi mwenyewe nalitumia Jumamosi kwenda sokoni. Kila linapotoka getini, jina la kaka limetoka nalo.

Nianze na bima kwa sababu ndiyo kazi yangu. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inasema gari lisitumike barabarani bila bima inayowalinda watu wengine. Kosa hilo si la dereva peke yake. Anayemruhusu mwingine aliendeshe bila bima naye ana kosa. Kwa hiyo kaka akiniambia kwenye simu "chukua tu gari umpeleke mama" na bima imeisha wiki iliyopita, yeye aliyepo Leicester ameingia kwenye kosa pamoja na mimi. Watu wengi wa ng'ambo wakisikia hivi wanashtuka. Walidhani umbali unawakinga.

Kule waliko mambo ni makali zaidi kwa namna nyingine. Uingereza, tangu mwaka 2011, gari lenye usajili lazima liwe na bima muda wote hata likiwa limeegeshwa, isipokuwa mwenyewe ametoa taarifa rasmi DVLA, ofisi yao ya usajili wa magari na leseni, kwamba halipo barabarani. Kaka alidhani na huku ni hivyo. Hapana. Kwetu gari likikaa uani chini ya turubai bila bima halijavunja sheria. Kosa linaanza tairi zikigusa barabara. Hapo ndipo wengi wanapojiponza. Wanakata bima ya Desemba tu, wakiondoka wanasema gari limelala, na hakuna anayekumbuka tarehe siku mama anapobanwa kifua saa nane za usiku. Bima ndogo ya gari dogo la binafsi ni shilingi 100,000, ukiongeza VAT inafika 118,000 kwa mwaka mzima. Najua mimi ndiye ninayeuza, na msomaji ana haki ya kulipima hilo, lakini ningesema hivi hivi hata kama ningekuwa nauza ndizi: kata ya mwaka mzima.

Halafu elewa ulichokata. Bima ndogo inamlipa yule uliyemgonga au uliyemharibia mali. Gari lako likiingia mtaroni pale Weruweru, bima ndogo haikutengenezei hata taa. Gari lenye thamani linalozungushwa na watu watatu wanne wakati mwenyewe hayupo, kwa maoni yangu linataka bima kubwa, ile inayolipia na gari lako lenyewe.

Na usikubali kutumiwa picha ya karatasi. Siku hizi stika ya bima ni ya kielektroniki, na mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima (tiramis.tira.go.tz), uko wazi kwa mtu yeyote. Unaingiza namba ya gari, unaona kampuni na tarehe ya kuisha. Kaka anaangalia mwenyewe akiwa zamu ya usiku, kisha ananiandikia "nimeiona". Mimi ni dada yake wa tumbo moja na sichukii. Ndugu anayechukia kuhakikiwa asipewe hela ya bima.

Jambo moja la nafuu: ile ada ya kila mwaka ya gari, iliyokuwa ikiwatesa wenye magari yaliyosimama, ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita. Gari la kaka likisimama miezi tisa halidaiwi kitu. Bado napigiwa simu na watu wanaoulizia malimbikizo ya ada hiyo kana kwamba bado inaendelea kuhesabiwa.

Sasa leseni. Hapa ndipo Desemba inapoharibika.

Mwaka 2019 leseni yetu iliongezwa muda kutoka miaka mitatu hadi mitano, na ada ikapanda kutoka 40,000 hadi 70,000. Miaka mitano ni mingi kwa mtu aliye Moshi, lakini kwa aliyehamia ng'ambo inakwisha bila yeye kuhisi. Anashuka KIA na leseni ya Tanzania iliyokufa mfukoni, pamoja na leseni nzuri ya Uingereza, na anaamini kwamba kwa kuwa yeye ni Mtanzania, gari ni lake na barabara ni ya kwao, basi mambo yameisha. Hayajaisha. Ama ahuishe leseni ya hapa, ama aje na leseni ya kule iliyo hai pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendesha kinachofuata Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949. Kibali hicho kwa aliye Uingereza kinapatikana kwenye maduka yenye huduma ya PayPoint tangu Aprili 2024, kwa pauni 5.50, na kinadumu miezi 12. Tatizo ni kwamba kinatolewa kulekule kwenye nchi iliyokupa leseni. Ukishafika Kibosho umechelewa.

Msichukulie hilo kama karatasi ya kumwonyesha trafiki tu. Ajali ikitokea, kitu cha kwanza kampuni ya bima inachouliza ni leseni ya aliyekuwa kwenye usukani. Mteja wangu mmoja, gari la mwanawe aliyepo Marekani liligonga bodaboda Njia Panda ya Himo. Bima ilikuwa hai, nimeikata mwenyewe. Dereva alikuwa mgeni wa familia mwenye leseni iliyopitwa na wakati. Madai yakakwama, na familia ikaanza kuuza ng'ombe ili kumtibu yule kijana wa bodaboda, ambaye hakuwa na kosa lolote. Mimi niliumia sana na lile jambo. Tangu siku hiyo simkatii mtu bima kabla sijamuuliza nani ataendesha.

Na upande wa pili wa leseni, kwa wadogo zetu wanaojiandaa kwenda. Leseni ya Tanzania ukihamia Uingereza unaitumia kwa miezi 12 tu. Nchi yetu haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa moja kwa moja, kwa hiyo baada ya mwaka unatakiwa uwe umeomba leseni ya mwanafunzi, ufanye mtihani wa nadharia wenye maswali 50 ambapo unahitaji kupata 43, pamoja na ule wa kutambua hatari kwenye video, halafu ndipo ule wa barabarani. Kaka alikuwa ameendesha Noah za abiria Moshi–Arusha kwa miaka, anaijua kila kona ya Kikatiti na Maji ya Chai, na bado alibandika ile herufi nyekundu ya mwanafunzi kwenye gari. Alifanya vizuri kuanza kabla mwaka haujaisha. Wenzake waliosubiri walijikuta wana gari limelipiwa, lina bima, na hawaruhusiwi kulisogeza. Ukiwa umepata leseni yako mpya kule, ndani ya miaka miwili ya kwanza alama sita za makosa zinatosha kukunyang'anya, na kushika simu ukiendesha ni alama sita kwa mara moja.

Turudi nyumbani kwenye tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo. Mwendo kwenye makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa, kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Anayetoka Uingereza hapaswi kuuona mgeni: maili 30 zao za mjini ni kama kilomita 48. Tofauti ni kwamba kule kamera imesimikwa mahali panapojulikana, huku trafiki yuko chini ya mti na tochi, anapiga picha, anamtumia mwenzake aliye mbele kwenye simu, na unasimamishwa ukiwa umeshasahau kile kibao. Kati ya Moshi na Arusha vibao vya 50 vimefuatana: Kwa Sadala, Boma Ng'ombe, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River. Ukifika Tengeru barabara inakuwa ya njia nne hadi Sakina, pana na nzuri, na upana huo ndio unaowadanganya watu kwamba wametoka kwenye makazi. Faini ni 30,000 kwa kosa. Na kivuko cha punda milia, tafadhali, simama. Watoto wa shule wa Usa River wanavuka hapo wakiamini utasimama.

Deni la faini linakaa kwenye namba ya gari. Uingereza barua inatumwa kwa aliyesajiliwa ndani ya siku 14, naye ana siku 28 za kutaja nani aliyekuwa akiendesha, na akikaa kimya anashtakiwa kwa kukaa kimya. Kwetu barua haiji Kibosho. Deni linabaki kwenye mfumo, na siku nyingine kabisa trafiki wa Himo anaingiza namba ya gari kwenye mashine yake, anakuta madeni ya Machi, ya Juni na ya Agosti, na mwenye gari aliyeshuka jana kwenye ndege anaulizwa. Anampigia binamu, binamu hakumbuki. Undugu unaingia doa kwa faini ya tochi.

Nyumbani kwetu tuliweka daftari kwenye droo ya gari. Anayechukua ufunguo anaandika tarehe, jina lake na anakokwenda. Akirudisha anaandika saa. Mwanzoni walilalamika kwamba ni gari la familia, si la serikali. Mama ndiye aliyewanyamazisha. Sasa kila mwisho wa mwezi naangalia namba ya gari kwenye mfumo wa polisi (tms.tpf.go.tz), na likionekana deni nafungua daftari. Hata aliye ng'ambo anaweza kuangalia mwenyewe, na ni vizuri aangalie.

Kuhusu karatasi za kumruhusu mtu. Kwa safari za hapa na pale trafiki haulizi kama dereva ndiye mwenye gari. Lakini barua ya ruhusa iwepo, yenye jina la dereva, namba ya gari, sahihi ya mwenye gari na nakala ya kitambulisho chake, kwa sababu mpakani utaulizwa. Wengi Desemba wanapenda kupitia Holili kwenda Mombasa, maana siku hizi unafika Taveta na Voi kwa lami. Pale Holili, kama Namanga, ni kituo cha pamoja, cha Holili kilizinduliwa mwaka 2016 na cha Namanga 2018, unahudumiwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Wanataka kadi halisi ya gari, barua kama si lako, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika; Tanzania imo kwenye mpango wa kadi hiyo ingawa tulijitoa COMESA yenyewe mwaka 2000. Bima yako ya Moshi peke yake haivuki mpaka. Waulizeni mawakala wenu mapema. Mtu anayenijia asubuhi ya safari, watoto tayari wamefungwa mikanda, ananipa shida na anajipa shida.

Kuuza ni habari nyingine, na hapo barua haitoshi. Inahitajika hati ya uwakilishi, iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji kule uliko au ubalozini kwetu, ikisema wazi kwamba fulani ana mamlaka ya kuuza gari fulani kwa niaba yako. Ndipo mkataba unaandikwa mbele ya wakili, TIN ya muuzaji na ya mnunuzi, ushuru wa stempu asilimia 1, na jina linabadilishwa TRA. Njia ya mkato ambayo watu wanaipenda ni kumkabidhi mnunuzi kadi na kupokea hela. Jirani yetu aliye Ulaya aliuza Noah hivyo kupitia kwa ndugu yake. Kadi ikabaki na jina lake. Baadaye Noah ile ilikamatwa na mirungi, na askari walifika kwa wazazi wake, wazee wa miaka themanini na kitu, wakiulizia mtoto wao. Ilichukua muda mrefu kueleweka, na yule mzee hakurudi kuwa na amani na kila gari linalosimama getini. Kwa hiyo sikubali mtu aniambie ada za TRA ni ghali.

Kuna jingine ambalo watu hawapendi litajwe, nami nalitaja. Mwenye gari akifariki ng'ambo, gari halihamii kwa mama wala kwa mke kwa sababu tu limo uani kwao. Lazima kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na huyo ndiye anayeweza kusaini uhamisho. Hati ya uwakilishi nayo inakufa na aliyeitoa. Nimeona gari zuri likioza Old Moshi kwa sababu ndugu walikuwa na ufunguo na kadi lakini hakuna aliyekuwa na mamlaka. Kama una gari nyumbani na unaishi mbali, liingie kwenye wosia wako, namba yake na kila kitu.

Wanaotaka kurudi moja kwa moja na gari lao kutoka ng'ambo, kwa ufupi: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu mkazi anayerejea kuomba msamaha wa ushuru wa forodha kwa gari moja, na sharti kubwa ni kwamba amelimiliki na kulitumia mwenyewe kule kwa miezi isiyopungua 12, safari ya meli haihesabiwi. Kununua gari mwezi mmoja kabla ya kurudi ukitegemea msamaha ni kujitafutia machozi bandarini.

Na pombe. Kiwango chetu cha kisheria ni miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu, sawa na cha England. Scotland wameshusha hadi 50. Namba hizo kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, hazina maana, kwa sababu hakuna anayejua kata mbili za mbege ya shangazi zina kilevi kiasi gani. Ndafu imeliwa, kisusio kimenywewa, saa tano usiku mtu anasema anashuka mjini mara moja. Barabara za Kibosho ni za mteremko, nyembamba, na watu wanatembea gizani wakitoka misa ya mkesha. Desemba iliyopita tulikubaliana wanafamilia kwamba funguo zote zikae chumbani kwa mama kuanzia saa kumi na mbili jioni, na asiyekunywa ndiye anayeendesha. Mwaka huu tutafanya vilevile, na nawaomba mfanye.

Kaka anashuka KIA wiki ya pili ya Desemba. Bima ya RAV4 nimeshaihuisha, ameiona. Kibali chake cha kimataifa amenitumia picha jana, na mtungi wa zimamoto na pembetatu mbili za tahadhari zipo kwenye buti. Kilichobaki ni fundi kubadilisha betri, na deni moja la 30,000 la Usa River ambalo daftari linasema ni la binamu. Ameahidi kulilipa Ijumaa.